Tarehe ni Kipimo cha Kitabibu

Mtoto aliyezaliwa Jangwani tarehe 4 Julai 2024 huandikwa kwenye kadi ya kliniki 04/07/2024, nasi sote huisoma siku kwanza, kisha mwezi. Programu iliyopangwa kwa desturi ya Marekani huisoma 7 Aprili. Hivyo tarehe 15 Agosti, mama anapomleta kwa chanjo ya wiki 6, kanzidata inamhesabia mtoto wiki 18 na ushei. Chanjo za wiki 6, 10 na 14 zote zinaonekana kumpita, na uzito unaomfaa kabisa unasomeka kuwa utapiamlo. Mama ataonywa kwa uzembe asioufanya.

Wengi huliona jambo hili kuwa la mafundi wa kompyuta. Mimi naliona la kitabibu. Hakuna daktari atakayekubali kipimajoto kinachobadili vizio kimyakimya. Kwa nini tuikubali tarehe ya namna hiyo?

Ubaya wa kosa hili ni kwamba hujificha. Tarehe 25/07/2024 ikisomwa mwezi kwanza hukataliwa, maana hakuna mwezi wa 25, na karani hushtuka. Lakini kila mwaka zipo siku 132 ambazo hugeuzwa zikabaki tarehe halali, wala hakuna anayeonywa.

Wapo wanaoukwepa mtego huo kwa kuihifadhi tarehe kama maandishi matupu. Hapo kompyuta huipanga kama inavyopanga herufi, na 01/09/2015 hutangulia 31/08/2015. Kipindupindu kilizuka Dar es Salaam Agosti 2015. Katika mlipuko kama ule swali la kwanza ni nani aliyetangulia kuugua, na orodha ya aina hiyo humweka wa Septemba mbele ya wa Agosti.

Kiwango cha ISO 8601, kilichotolewa mwaka 1988, huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 2024-07-04. Tuihifadhi hivyo, na tuigeuze kwa mazoea yetu wakati wa kuchapa kadi tu. Anayeandika amri ya kutafuta taarifa aitajie kompyuta mpangilio wa tarehe anayoibadili, asiiache ikisie. (Saa nazo zina mambo yake: mgonjwa wa Kariakoo aliyeanza kuharisha saa 2 usiku aandikwe 20:00, si 02:00.)

Kumbukumbu za zamani zisigeuzwe kwa mkupuo. Zilinganishwe kwanza na kadi za karatasi, hasa zile ambazo siku yake haizidi 12.