MWAMUZI ASIWE WA UPANDE MMOJA



Watu wa Bukoba na Muleba hawahitaji kufundishwa hatari ya kesi ya ngedere kuamuliwa na nyani. Wazee wetu waliishi chini ya nyarubanja. Mpangaji aliyeonewa alipeleka shauri lake kwenye baraza la wakuu, na miongoni mwa wakuu hao ndimo walimokuwa wenye nyarubanja. Mwaka 1963 madaraka ya wakuu hao yalifutwa; mwaka 1965 Bunge likapitisha sheria ya kumkomboa mpangaji.

Hatari ile ile yaweza kurudi kwa njia ya karatasi. Kijana achukua pikipiki kwa mkopo, apewa mkataba uliokwisha andikwa, atia sahihi kwa kuwa ana shida. Mkataba huo ukisema kwamba ugomvi wowote usiende mahakamani, bali kwa msuluhishi wa kampuni huko Dar es Salaam, basi kijana ameuza haki yake kabla hajajua kwamba ataihitaji. Nauli peke yake itamnyamazisha.

Hatupingi usuluhishi. Kupatana ni jambo jema. Tunalopinga ni kulazimishwa.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuliona hilo. Sheria yao ya kulinda walaji ya mwaka 2012 yasema kifungu cha namna hiyo ni batili kikimzuia mnunuzi kwenda Mahakama Kuu. Lakini ugomvi ukishatokea, pande mbili zaweza kukubaliana njia nyingine ya kisheria. Hata Marekani, ambako vifungu hivi vimeenea mno, tangu Machi 2022 mtu aliyedhalilishwa kijinsia hawezi kufungwa navyo.

Kwetu, mfanyakazi ana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hailipishi ada. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kupeleka shauri lake. Asizipoteze kwa kubembeleza. Hata hivyo, Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo haizuii makubaliano ya kupeleka ugomvi kwa mwamuzi mwingine. Hapo ndipo mnyonge aweza kunaswa.

Kwa hiyo twalitaka Bunge liseme wazi: kwa mfanyakazi na kwa mnunuzi, makubaliano ya usuluhishi wa faragha yawe halali tu yakifanywa baada ya ugomvi kutokea, kwa hiari, na kwa lugha anayoielewa.

Nanyi viongozi wa matawi, someni mikataba pamoja na wananchi kabla ya sahihi. Haki isiyojulikana huibwa mchana.