JUU YA DOLA ZA UONGO



Sisi wa mwaka wa sita tunataka kusema neno juu ya feza, sababu jambo limetokea katikati yetu. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tano alileta noti ya dola 20 kwa kulipa minervali. Baba yake aliuza mafuta ya mawese hapa Hombo, kwa mnunuzi aliyevuka daraja saa ya jioni, mwanga ukiwa karibu kuisha. Mshika-feza aliinua noti mbele ya dirisha, akaona hapana kitu ndani. Ilikuwa ya uongo. Mafuta yalikwenda bure, na mwenzetu alikaa nyumbani siku nne.

Kinachotuumiza zaidi ni hiki: mzee aliichagua ile noti yeye mwenyewe. Kwanza alitolewa ingine, ya zamani, yenye kupasuka kidogo pembeni. Akaikataa. Akapewa mupya, akafurahi. Na sisi wote tunafanya vile vile hapa sokoni! Tunaangalia kama imepasuka, kama imechafuka, hatuangalii kama ni ya kweli. Lakini dola haitengenezwi na karatasi kama ya daftari, ni pamba na kitani. Inaweza kukunjwa na kuloa jasho miaka mingi, ikabaki feza.

Basi tujue kuangalia. Inua ile 20 mbele ya jua. Upande wa kushoto utaona uzi mwembamba ndani ya karatasi, wenye maandiko USA TWENTY. Upande wa kuume utaona sura ya Jackson kama kivuli, sawa na ile ya katikati. Halafu uiinamishe: hesabu 20 ya chini, upande wa kuume, inageuza rangi. Vidole peke yake havitoshi. Kuna watu wanaosha dola 5 ya kweli na kuchapa 100 juu yake. Karatasi inadanganya mkono, lakini uzi unaendelea kusema tano.

Kisha kuna jambo baya kupita hilo. Katika bweni wengine walimshauri mwenzetu: «Ipeleke usiku kwa mama wa makayabu, hataona.» Wakacheka. Ni kweli hataona, anauzisha na toroshi ndogo. Lakini yule mama naye iko na watoto wa kulipia minervali, pengine mmoja anakaa kwenye banki moja na wewe. Tulibishana mpaka taa kuzimwa. Wengine waliita hiyo akili. Sisi tunaiita wizi, na aliyefanyiwa wizi jana hapati ruhusa ya kuiba leo.

Mwenzetu hakuipeleka. Tunaomba komite ya wazazi imwongezee muda mpaka baba yake akamue mafuta mengine.

Noti yenyewe iko kwa mshika-feza, imetobolewa katikati. Mwenye kutaka kujifunza aende saa sita, wakati jua ni kali, aombe na ya kweli ya kulinganisha.

Doyen wa wanafunzi, mwaka wa sita