Hayo maji ya puani sio mafua, jamani

Leo naweka pembeni habari za bumu na mitihani, kuna jambo linanikera. Hapa kampasi mtu akidondoka na bodaboda tunampima kwa vitu viwili tu: kazimia? Anavuja damu sana? Kama anaongea na anajua jina lake, basi "yuko poa", anarudishwa hosteli akalale. Mimi nasema kipimo hicho ni kibovu, tena kinaweza kuua.

Sababu ni hii. Ubongo umekaa juu ya sakafu ya mfupa, na chini ya sakafu hiyo kuna pua. Masikio yako pembeni yake. Sehemu nyingine za mfupa huo ni nyembamba mno. Kichwa kikigongwa kwa nguvu unaweza kupasuka bila jeraha la maana usoni. Utando wa ubongo nao ukichanika, maji yanayouzunguka ubongo yanapata njia ya kutokea puani au sikioni. Mtu mzima ana kama mililita 150 tu za maji hayo, ila mwili unatengeneza mapya kila siku, ndiyo maana yanaendelea kudondoka.

Sasa mshkaji anafuta pua, anasema "vumbi tu hilo". Vumbi gani linaleta maji maangavu kutoka tundu moja, yanazidi akiinama, na yakishuka kooni yana ladha ya chumvi? Dalili nyingine ni weusi kuzunguka macho na damu kuvilia nyuma ya sikio, ile alama inayoitwa kwa jina la Battle, mpasuaji wa Uingereza. Mara nyingi hujitokeza siku moja au zaidi baada ya ajali, sisi tumeshasahau!

Halafu kuna hili la kuziba na pamba. Acheni! Panapotoka maji ndipo vijidudu vinapoingilia, na mwisho wake ni homa ya uti wa mgongo. Msizibe pua wala sikio, asipenge, msimwingize kitu chochote puani. Msimpindepinde shingo. Mpelekeni hospitali.

Najua mtasema siti skani ni hela na sisi hatuna. Kweli. Tena ni kweli pia kwamba mivujo mingi ya hivi huziba yenyewe ndani ya siku kadhaa, mgonjwa akipumzika kitandani kichwa kimeinuliwa. Lakini hayo ni maneno ya wodini, ambako joto likipanda au shingo ikikaza kuna mtu wa kushtuka. Hosteli nani atashtuka? Wewe uliyelala na hedifoni?

Kinachonitisha zaidi ni wiki inayofuata. Jamaa anapata homa, kichwa kinamuuma, na sote tunasema malaria hiyo, anameza dawa za dukani. Ajali hakuna anayeitaja. Daktari hawezi kuotea kitu ambacho hajaambiwa.

Kwa hiyo wadau, mwenzako akidondoka, muulize kama kuna maji yanamtoka puani au sikioni. Akiugua baadaye, nenda naye mpaka kwa daktari na useme wazi: huyu alipiga kichwa chini, tarehe fulani. Sentensi moja tu, haina gharama.

Nawasilisha.