Chumvi Kidogo, Chungu Kimoja

Wakulima wa Kitui na Makueni, kwa maoni yetu mgonjwa wa presha asipikiwe chungu chake peke yake. Chumvi nyingi hudhuru nyumba nzima. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kisichojaa, pamoja na ile iliyomo katika mkate wa dukani. Basi, akina mama, kandeni mkate wa mtama na ngano nyumbani, mkipima chumvi wenyewe. Mahindi na maharagwe ya isyo yalowekwe usiku kucha badala ya kutiwa magadi, maana magadi nayo yana sodiamu kama chumvi. Ladha itoke kwa ukwaju, limau, kitunguu na dhania. Ulimi utalalamika majuma machache, kisha utazoea. Afadhali ulimi ulalamike kuliko shamba kukosa mwenyewe.