Sound Si Neno Moja

Kuna hoja inayorudi kila mjadala wa tafsiri unapopamba moto, na mimi imeshanichosha. Kwamba Kiingereza ni tajiri kwa sababu kijineno kimoja kinabeba maana chungu nzima, na Kiswahili ni maskini kwa sababu mfasiri analazimika kusaka neno jingine kila maana inapobadilika. Mfano unaopendwa ni sound. Oneni, wanasema: ni sauti, ni uzima, ni mlango wa bahari, tena ni kupima kina cha maji. Herufi tano tu!

Haya, tulichukue hilohilo sound tulipasue.

La kwanza, la sauti, asili yake ni sonus ya Kilatini, nalo liliingia kwa mlango wa Kifaransa cha wale walioiteka Uingereza mwaka 1066. Halikuwa na d. Waingereza walisema soun, na hiyo d wakaibandika wenyewe baadaye, kama walivyoibandika kwenye thunder, radi, ambayo zamani ilikuwa thunor. (Na nyie mnaosema sauti yetu ni sound iliyochakachuliwa, basi jamani. Sauti ni sawt ya Kiarabu, haijawahi kupita London.)

La pili, la uzima, ni mwenyeji wa tangu zamani: gesund katika Kiingereza cha kale. Wajerumani wanalo mpaka leo, ndiyo maana ukipiga chafya wanakuambia Gesundheit. La tatu ni sund, ambalo mwanzo lilimaanisha kuogelea, kisha likawa jina la mlango mwembamba wa bahari. Limo ndani ya Øresund, kati ya Denmark na Sweden, ambako wafalme wa Denmark walitoza meli ushuru hadi mwaka 1857. La nne, la kupima kina, ni sonder ya Kifaransa.

Maneno manne, yamefika kwa njia nne. Matamshi yakalika, miisho ikadondoka, yakajikuta yanafanana. Sasa huo ni utajiri gani? Kamusi nzuri za Kiingereza zenyewe huyaandika kama vidahizo tofauti. Wenye lugha wameshayatenganisha, sisi huku ndio bado tunapiga makofi.

Na kama kugongana kwa maneno ni utajiri, mbona kaa halimtishi mtu? Kaa la moto, kaa wa baharini, kaa kitako. Mnyarwanda kaa la moto analiita ikara. Mzulu kaa wa majini anamwita inkala. Kwa Mbemba kukaa ni ikala. Kiswahili kiliangusha l iliyokuwa katikati ya irabu, na yote matatu yakaishia kuwa kaa. Sisi tunaliweka kwenye mtihani wa shule, mtoto anatunga sentensi tatu, yamekwisha. Hakuna anayelitumia kudai kwamba Kiingereza ni maskini.

Ningenyamaza kama haya yangebaki kuwa majigambo ya mitandaoni. Lakini mfasiri anayeamini kwamba sound ni neno moja lenye kiini kimoja atakwenda nacho hicho kiini kila mahali. Nimesoma hadithi iliyofasiriwa ambamo bibi mmoja amelala “usingizi wa sauti.” Nikajua anakoroma! Nikasubiri koromo lake liwaamshe wajukuu, wapi. Kumbe amelala fofofo tu, usingizi wa pono, na lugha inayo maneno yote hayo. Inayo akili timamu. Inayo bildi, ile risasi wanayoifunga mabaharia kwenye kamba kupimia kina, na inayo pima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, yaani fathom yenyewe, ambayo Waingereza nao waliitoa kwenye mikono iliyonyooshwa. Anayesema Kiswahili hakina neno la kupima kina cha bahari hajawahi kukaa na nahodha.

Mtaani hatukusubiri ruhusa ya mtu. Tulilichukua neno lao tukalifanyia kazi yetu: jamaa “anapiga saundi,” maana yake anamwaga maneno matamu ili apate anachokitaka. Hilo Mwingereza hanalo.

Mhariri mmoja aliwahi kuniambia kwamba Hamlet haifasiriki kwa Kiswahili, na ushahidi wake ukawa huuhuu. Katika tendo la tatu, Hamlet anampa Guildenstern filimbi na kumtaka aipige. Guildenstern anasema hajui. Hapo Hamlet anamgeuzia kibao: filimbi huiwezi, ila mimi unadhani unaniweza? Mchezo mzima umesimama juu ya sound, kutoa mlio na kupima kina kwa pamoja. Kwa Kiswahili, akasema mhariri, huo mlango umefungwa.

Umefungwa huo, ndiyo. Ila hebu tumtazame Guildenstern ni nani. Ni rafiki wa tangu utotoni, aliyeitwa na mfalme aje amchunguze mwenzake huku akimchekea. Sisi mtu wa namna hiyo tunamfahamu: ni panya, anang'ata huku akipuliza. Na filimbi inafanywaje? Inapulizwa. Basi Hamlet wa Kiswahili anampa filimbi, jamaa anajitetea kwamba hajui kupuliza, na Hamlet anamjibu kwamba kupuliza anajua sana, tangu amefika anampuliza yeye, na alama za meno anaziona. Kina cha maji kimepotea. Kilichokuja badala yake kinamchoma Guildenstern palepale, na ukumbi wa Dar utacheka kabla mwigizaji hajamaliza sentensi.

Ukurasa huo niliuandika, nikampelekea mhariri. Hadi leo hajajibu.