Kanga Tunasoma Jina, Nyimbo Je?



Leo tutasema jambo ambalo wengine litawachoma. Tusameheane kabla hatujaanza.

Yupo mwimbaji wa taarab hapa kwetu visiwani ambaye mwaka huu kila bi harusi anamtaka. Hatutamtaja jina. Si kwa kumwogopa, ila hatukuja kumsengenya mtu, na tatizo lenyewe haliishii kwake. Sauti anayo, Mwenyezi Mungu kamjaalia. Akipanda jukwaani ukumbi mzima unasimama. Watu wanasogeza mbele tarehe za sherehe ili wampate. Wapo waliopunguza chakula cha wageni, na wapo waliokuja kwetu kuacha lesi waliyoipenda wakachukua ya bei ndogo, ili fedha ya mwimbaji itimie.

Sisi tunauliza swali moja tu: anaimba nini?

Ondoa sauti. Ondoa kinanda, ondoa na gauni linalometameta. Chukua karatasi, andika maneno peke yake, kisha yasome kwa sauti mbele ya mama yako mzazi. Utabaki na nini? Utakuta mtu anajisifu kuwa yeye kapendwa na mwenzake kaachwa, yeye mzuri na mwenzake ana kijicho. Basi. Hayo hayo yanarudiwa mpaka wimbo uishe. Hakuna kisa, hakuna nasaha, hata vina vyenyewe vinalazimishwa.

Sisi ni mafundi cherehani. Tulimaliza sekondari, tukajifunza ushoni, tukaanza na cherehani moja ya miguu. Hatujidai kuwa wataalamu wa ushairi. Lakini kazi yetu imetufundisha kitu. Bi harusi aliye mjanja akija kuchukua gauni, jambo la kwanza analigeuza ndani nje. Anatazama mshono, anaangalia bitana imekaa vipi, anauliza kama shanga zimefungwa fundo moja moja au zimepitishiwa uzi mmoja ambao ukikatika zinamwagika zote ukumbini. Kwa nje magauni mawili yanaweza kufanana. Ukiyageuza ndipo unapojua lipi limeshonwa na lipi limebandikwa.

Na tutazame kanga. Hakuna mwanamke wa Unguja wala Pemba anayenunua doti ya kanga bila ya kusoma jina. Muuzaji akiikunjua tu, kabla hatujauliza bei, macho yameshakwenda kwenye maandishi. Kanga inaweza kuwa na rangi nzuri na pindo la kupendeza, lakini jina likiwa la shari tunairudisha, kwa sababu tunajua humpelekei mama mkwe kanga ya kumchokoza. Kanga inavaliwa na mtu mmoja. Wimbo unausikia ukumbi mzima, unausikia mtaa, na kesho watoto wanauimba wakienda chuoni. Iweje basi jina la kanga tulisome, na maneno ya wimbo tuyaache yapite?

Tueleze kilichotufanya tuandike. Mfunguo mosi uliopita tulimshonea dada mmoja gauni. Ilikuwa ndoa yake ya pili. Ya kwanza ilivunjika, na sote tunajua maneno anayoyapata kwetu mwanamke aliyeachwa. Alikuja na picha, tukakaa naye, tukachagua kitambaa cha rangi ya maziwa kwa kuwa nyeupe aliona haya kuivaa tena. Shanga tulizitia kwa mkono, wiki tatu. Kila akija kupima alikuwa na habari moja: keshampata mwimbaji yule. Alikuwa akimlipa kidogo kidogo kwa fedha ya biashara yake ya udi.

Usiku wa sherehe tulikwenda kama tunavyokwenda siku zote, uzi na sindano mkobani, maana gauni huwezi kuliamini. Ilipofika zamu yake, mwimbaji akaimba wimbo wake unaovuma, ule wa kumcheka mwanamke aliyeachwa. Hakutumwa na mtu. Ndio wimbo uliompa jina, na ndio anaouimba kila harusi. Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele. Watu wakapanda kumtunza. Wakacheza huku wakinyoosheana vidole kwa mzaha, bila ya kukumbuka aliyekaa pale juu ni nani. Tukamtazama bi harusi. Alikuwa anatabasamu kwa ajili ya picha, na machozi yanateremka juu ya poda, yanaingia kwenye lesi. Wimbo ulikuwa mrefu.

Sasa tuseme ukweli wetu. Sisi pia tulikuwa tumeshapanda. Noti yetu ya elfu kumi ilikuwa miongoni mwa zile alizotunzwa. Kiitikio tulikuwa tunakijua kwa moyo, tunakiimba kila siku juu ya cherehani, na hatukuwahi hata mara moja kukisikiliza. Dada yule alilipa fedha yake mwenyewe ili atukanwe siku yake, na sisi tukaongeza juu.

Baada ya wiki mbili alituletea gauni tumuuzie. Alisema halina kosa lolote, ila hataki kuliona kabatini.

Watu watatuambia taarab ndivyo ilivyo. Sivyo. Mama wa taarab yetu ni Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, aliyekuwa akitembea kuja mjini kuuza vyungu. Hakwenda shule. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili, wakati wengi walidhani muziki wa heshima ni wa Kiarabu tu. Shaaban Robert mwenyewe aliona maisha yake yanafaa kuandikiwa wasifu. Na Siti aliimba nini? Aliimba habari za mji. Mwanamke aliuawa, muuaji akakimbilia bara, na walioadhibiwa wakawa wanawake waliokuwa mashahidi. Siti na wenzake wakalitungia wimbo, nao unaitwa Kijiti. Hebu fikiria: mwanamke asiyejua kusoma, katika zama za ukoloni, anausema uonevu wa mahakama mbele za watu, na watu wanaimba naye. Bi Kidude alizibeba nyimbo zile mpaka alipofariki mwaka 2013. Sauti ya Bi Kidude ilikuwa ya kukwaruza, kila mtu anajua. Watu walimfuata dunia nzima kwa sababu alikuwa na kitu cha kusema.

Mashoga zetu watatujibu kuwa hata bibi zetu walipigana vijembe. Ni kweli, hatukatai. Vilikuwepo vikundi vya taarab vya wanawake vilivyojiita Royal Air Force na Navy, vikishindana kwa nyimbo, na watu wakigombana. Baadaye, miaka ya 1990, bara kukawa na mipasho ya TOT na Muungano, na kwetu ikaingia rusha roho. Hatusemi bibi zetu walikuwa malaika. Fumbo nalo linaumiza. Lakini fumbo lilihitaji akili ya kulitunga na akili ya kulifumbua, na aliyepigwa nalo alipewa nafasi ya kwenda nyumbani kulitafakari, akatunga jibu. Siku hizi hatuna fumbo wala jibu. Tumeirithi shari ya bibi zetu, ufundi wao tumeuacha.

Wapo watakaosema nyimbo hizi zinatusemea. Mwanamke aliyeletewa mke mwenza bila ya kuambiwa, aliyechoshwa na wifi, aliyesingiziwa na jirani, atasemea wapi? Hoja hii ni nzito na tunaiheshimu, kwa sababu wateja wetu wanalia mbele ya kioo chetu kila wiki. Lakini tutazame nyimbo hizi zinamsema nani. Aliyeoa kwa siri hasemwi. Aliyetoa talaka kwa simu hasemwi. Asiyeleta matumizi ya watoto hasemwi. Anayesemwa ni mwanamke mwenzetu, aliyeachwa, asiyezaa, asiye na uzuri, asiye na fedha. Uchungu ni wetu, na tunaowapiga ni sisi kwa sisi. Kama wimbo unatusemea kweli, basi utuseme kama Siti alivyowasema wale mashahidi.

Na wapo watakaosema tuache muziki wote tumalize maneno. Suala la ala tunawaachia masheikh, sisi si watu wa kutoa fatwa. Lakini tunaomba tukumbushane kisa kimoja kilichopokewa katika Sahih Bukhari. Bibi Rubayyi' binti Mu'awwidh, radhi za Allah ziwe juu yake, anasimulia kuwa alipoolewa Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuja akakaa kwake. Walikuwepo wasichana wadogo wakipiga dufu na kuwaimba wazee wake waliouawa Badr. Mmoja akatia neno kwamba miongoni mwao yupo Mtume ajuaye ya kesho. Hapo Mtume akamkataza neno hilo, na akamwambia aendelee na aliyokuwa akiyasema kabla.

Tutafakari, dada zetu. Ilikuwa harusi. Waimbaji walikuwa watoto. Neno lenyewe lilikuwa la kumsifu yeye. Na bado alilisikiliza, akalipima, akalirekebisha. Hakusema ni siku ya furaha waacheni. Ikiwa Mtume alisikiliza maneno ya watoto wenye dufu, sisi tunaomlipa mwimbaji fedha nyingi tuna udhuru gani wa kutosikiliza?

Kisha tufungue Surat al-Hujurat, aya ya 11. Waumini wamekatazwa kudharauliana na kuitana majina ya kejeli. Na humo wanawake wametajwa peke yao, baada ya wanaume, kwamba wasiwacheke wanawake wengine, kwani huenda hao wanaochekwa ni bora kuliko wao. Mwenyezi Mungu alituita sisi khasa. Wimbo wa kumcheka mwanamke aliyeachwa unaingia kwenye aya hii moja kwa moja, hata uimbwe kwa sauti tamu kiasi gani.

Tusimtupie mwimbaji lawama zote. Mwimbaji si mjinga. Anatazama ni wimbo gani unaoleta noti, na huo ndio anaourudia. Kwenye taarab ya asili kulikuwa na mtunzi wa shairi, mtia muziki na mwimbaji, kila mmoja na kazi yake. Leo umaarufu wote na fedha yote tumempa mmoja, na mtunzi hatumjui hata jina. Zanzibar tuna sheria ya hakimiliki tangu mwaka 2003, na tuna COSOZA ya kuisimamia. Lakini sheria haiwezi kupanda jukwaani kutunza. Wa kutunza ni sisi. Tukitunza matusi, tutaletewa matusi. Mtoto wa kike mwenye kipaji cha utunzi atajifunza nini? Atajifunza kwamba beti nzuri hazilipi, na atavunja kalamu akatafute kipaza sauti.

Kwa hiyo, bi harusi wetu, tunakuomba mambo matatu.

Kwanza, mwezi mmoja kabla ya sherehe, muombe mwimbaji orodha ya nyimbo pamoja na maneno yake. Kaa na mama yako, shangazi yako au somo wako, myasome. Usilolipenda kwenye kanga, usilikubali kwenye wimbo. Akikataa kukuonyesha, jua unanunua kitambaa kilichokunjwa.

Pili, mtafute mtunzi. Wapo mitaani kwetu, wengine wamo kwenye madrasa wanatunga kaswida nzuri na hakuna anayewajua. Mpe habari zako, za wazee wako na waliokulea. Akutungie beti tano za dua na nasaha. Mlipe kama unavyomlipa mpambaji na fundi wa piko, na jina lake litajwe ukumbini kabla ya wimbo kuanza.

Tatu, na hili ni letu wageni. Wimbo wa shari ukipigwa, tukae vitini. Tusipande, tusitunze, tusipige vigelegele. Hatuhitaji kugombana na mtu. Mwimbaji akimaliza wimbo mzima mikono mitupu, atajua.

Dukani kwetu tumeanza. Bi harusi akija kupima mara ya mwisho, baada ya kuligeuza gauni na kutazama mshono, tunamuuliza: nyimbo umezisoma? Wengi wanacheka. Juzi mmoja hakucheka. Alitoa simu, akampigia mama yake, akamwambia amuulize mwimbaji ataimba nini.

Mwenyezi Mungu atujaalie ndoa zenye kheri na ndimi zenye kheri. Amin.