Sekunde Tatu za Nywila

Nianze kwa kukiri kosa. Mwaka jana mimi na rumeti wangu wawili tulikuwa tunatumia kompyuta mpakato moja, kila mtu na akaunti yake. Mashine ni yangu, kwa hiyo mimi ndiye msimamizi. Kila nikitaka kuweka programu, Windows inauliza kama naruhusu mabadiliko. Nikaona usumbufu mtupu. Siku moja nikaingia kwenye mipangilio, nikaiambia isiniulize tena. Raha!

Raha ilidumu wiki tatu. Nilichomeka flashi niliyotoka nayo steshenari, nikabofya faili lenye sura ya folda. Kumbe ni programu, na kwa kuwa hakuna kilichouliza, ikapata mamlaka yangu yote. Mafaili yangu yakafungwa, tukadaiwa pesa ili yafunguliwe. Yangu ningevumilia. Lakini na ya wenzangu yalifungwa, pamoja na ripoti ya utafiti ya rumeti aliyebakiza siku nne kuikabidhi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwani ilikuwa inakusumbua kiasi gani?" Sekunde tatu, labda mara mbili kwa wiki.

Wapo wanaosema swali lile halina maana, maana wengi tunabofya "Ndiyo" bila kusoma. Wana hoja. Windows Vista ya 2007 iliuliza mno hadi watu wakachoka, na Windows 7 ya 2009 ikapunguza maswali. Tena halilindi sana mafaili yako mwenyewe. Linalinda mfumo na akaunti za wengine. Ndiyo maana ukilizima kwenye mashine ya kuchangia, umewaamulia na wenzako.

Njia ya kati ipo. Fungua akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku. Ya msimamizi ibaki ya kuweka programu. Nywila ndefu inakuchosha? Tumia PIN au alama ya kidole. Kwenye Ubuntu, ukishaandika nywila ya sudo, kwa kawaida haikuulizi tena kwa dakika 15. Na kama kuna amri moja unayoirudia kila siku, iruhusu hiyo peke yake bila nywila, siyo zote.

Sisi wa ualimu kesho tutakabidhiwa kompyuta zenye alama za mitihani za watoto wa watu. Tabia ya hosteli tutaingia nayo ofisi ya walimu. Mimi swali lile nimelirudisha, na sasa likija nalisoma.